Vim inakumbuka hata nisichotaka: uzoefu wangu

Vim ndiyo programu ninayoandikia kazini kutwa nzima, na kilichonifanya nisiihame ni amri ya `:mksession`. Inahifadhi kikao chako cha kazi, yaani inaunda faili la Session.vim lenye mpangilio wa madirisha, tabu na folda uliyokuwa ukifanyia kazi. Kesho yake, ukiwa kwenye folda ileile, unaandika `vim -S` na kila kitu kiko mahali pake. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Nyota iliyokatwa ni ya `sessionoptions`, orodha ya vitu vinavyoingizwa kwenye kikao. Ikiwa kama ilivyokuja, orodha hiyo ina neno `options`, ambalo hufungasha mipangilio yako yote pamoja na vitufe ulivyojipangia. Leo unabadili vimrc (faili la mipangilio yako ya Vim), tuseme `tabstop`, upana wa kitufe cha Tab, kutoka 8 hadi 4, kisha unafungua kikao cha wiki iliyopita: 8 hiyoo imerudi! Utahangaika na vimrc mpaka uchoke, na vimrc haina kosa lolote. Dawa yake ni mstari mmoja tu, `set sessionoptions-=options`. Wenzetu wa Neovim, programu iliyochipuka kutoka Vim, walishaliondoa neno hilo wao wenyewe, hongera zao. Mimi naondoa na `blank`, madirisha matupu ya nini?

Wanaotoka kwenye programu nyingine wajue kwamba kikao hakibebi maandishi ambayo hujayahifadhi. Umeme ukikatika, tegemeo lako ni faili la swap, nakala ya akiba ya unachoandika, ambalo kwa kawaida huandikwa kila baada ya herufi 200, au ukiacha kuchapa kwa sekunde 4. Na ukitaka kutengua mabadiliko ya jana, washa `undofile`. Bila hiyo, ukifunga faili historia yake imekwenda.

Kuna hili la viminfo, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Faili hilo linatunza amri ulizoandika, maneno uliyotafuta na hata ulichonakili, hadi mistari 50 kwa kila rejista (mahali Vim inapoweka ulichonakili). Nakili nywila ya seva, funga Vim, kisha fungua `~/.viminfo`: utaikuta humo, inasomeka kama barua. Kwenye kompyuta yangu, katika mpangilio wa `viminfo`, nimepunguza hadi `<0`, rejista zisihifadhiwe kabisa, ila historia ya amri nimeiacha kwa sababu naitumia mno. Kwenye mashine ya watu wengi sijadiliani: `vim -i NONE`, yaani Vim bila viminfo kabisa.