Nimeuziwa mvinje kwa jina la msonobari, hapa hapa Tanga

Kabla hujalipia paketi yoyote ya "chai ya msonobari" mjini Tanga, omba ifunguliwe. Chomoa unyuzi mmoja, ushike ncha zote mbili, uvute taratibu. Ukikatika kwenye vifundo, kipande baada ya kipande, rudisha. Hiyo si sindano ya msonobari, ni kijitawi cha mvinje, mti huu huu tunaopunga upepo chini yake ufukweni.

Paketi niliyouziwa mimi ilikuwa mvinje mtupu, imekaushwa mpaka imepauka. Duka silitaji, liko upande wa Ngamiani na wenyewe watajijua. Lebo imeandikwa "majani halisi ya msonobari wa Usambara", na mchoro wa koni nono yenye kokwa. Hata huo mchoro ni uongo. Msonobari uliojaa kwenye shamba la miti la Shume, wilayani Lushoto, ni Pinus patula, wenye asili ya Meksiko, na mbegu yake ni ya milimita 5 hivi, ina bawa, haina cha kula. Zile kokwa nene za kuliwa hutoka kwenye misonobari mingine kabisa, kama Pinus pinea wa nchi za Bahari ya Kati au Pinus koraiensis wa Asia ya Mashariki. Anayezitaka kwa ajili ya wali au mchuzi wa rehani achukue korosho zetu, azikaange kidogo bila mafuta. Hatajuta, na bei haitamuumiza.

Tofauti yenyewe haihitaji shahada. Sindano za msonobari hukaa kwa vishada, na shina la kila kishada limevikwa ala nyembamba, kavu, ya kahawia. Patula huwa na sindano tatu kwenye kishada, mara nyingine nne, laini, za sentimita 15 mpaka 25 au kuzidi, zinaning'inia chini. Vunja moja, inusie: utomvu unapanda puani papo hapo. Mvinje hauna vishada wala ala. Kile kijani unachokiona ni kijitawi chenye vifundo, na majani yake halisi ni meno madogo mno yanayozunguka kila kifundo. Wanaodanganyika wanadanganywa na kijitunda chake cha mbao, kinafanana na koni. Lakini mvinje hutoa maua, na msonobari haujawahi kutoa ua tangu uumbwe.

Nilimweleza hayo kijana wa kaunta, taratibu, paketi mkononi. Akanitazama juu mpaka chini mbele ya wateja wengine. "Kwani bi mkubwa wewe ni bwana misitu? Kama hujui vitu vya milimani, kunywa chai ya rangi ukalale." Wateja wakacheka. Hela hakurudisha.

Haya, tuseme kijana hajui mti. Lebo je, nayo haijui? Inaelekeza: "chemsha dakika 30." Aliyeandika hivyo hajawahi kunywa chai ya msonobari maishani mwake. Ladha na harufu yake ziko kwenye mafuta mepesi yanayopaa, hasa paineni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya tapentaini ya mafundi rangi, pamoja na limonini kidogo, ile ya kwenye ganda la chungwa. Ukichemsha nusu saa, ile harufu ya chungwa inaondoka na mvuke, uchungu unabaki, na utomvu unaelea juu na kuganda ukingoni mwa kikombe. Vitamini C nayo inaharibika, na hiyo ndiyo faida ya kweli ya sindano hizi. Mji wa Leningrad, Urusi, ulipozingirwa kwenye vita vya pili vya dunia, watu walinyweshwa maji ya sindano za msonobari kuzuia kiseyeye, ugonjwa wa fizi kutoka damu kwa kukosa vitamini hiyo. Yale mengine ya lebo, ya presha na sukari, nayaacha hapo hapo kwenye lebo.

Inavyopikwa ni hivi. Sindano mbichi, gramu 25 hivi kwa nusu lita ya maji. Bana ala ya kahawia na uitupe yote, maana inaleta ukakasi. Kata sindano kwa mkasi vipande vya sentimita moja moja, usizitwange. Maji yachemke, yaepuliwe, yatulie dakika mbili tatu, ndipo umimine. Funika. Dakika 10 zinatosha. Usipofunika, harufu inakwenda jikoni kwa jirani. Zilizokauka hazifai sana hata zikiwa za kweli, labda ziwe bado za kijani na zimefungwa kwenye chupa ya kioo. Kwenye nailoni harufu haidumu.

Na ule mvinje? Nao niliupika, nisije nikasema bila kuonja. Harufu hakuna, rangi ya kahawia, ulimi unakauka kama umetafuna ganda la ndizi mbichi. Ni tanini hiyo, magome ya mvinje yanayo kwa wingi. Mti wenyewe sina ugomvi nao: kuni zake zinawaka vizuri, nguzo zake imara, unashika mchanga wa pwani. Chai, hapana.

Sasa nitasema jambo linaloniudhi zaidi. Duka hilo hilo, rafu hiyo hiyo, linauza chupa ndogo ya shira ya machipukizi ya msonobari, na ni nzuri mno. Ni msonobari kweli. Rangi ya kaharabu, safi, haina povu. Kwenye ulimi inaanza kama ndimu, inafuatia harufu ya msitu baada ya mvua, mwisho uchungu mdogo unaokata utamu. Waitalia wa milima ya kaskazini wana shira ya jamaa hii, ya koni changa za Pinus mugo, na hii ya kwetu isingeona aibu kuwekwa mezani pamoja nayo. Mimina juu ya kaimati badala ya shira ya kawaida, lakini acha iliki pembeni, vinagombana. Tangawizi inakubaliana nayo. Kwenye samaki wa kuchoma, kijiko kimoja na ndimu dakika za mwisho, si mapema, sukari itaungua.

Aliyeitengeneza anajua kazi. Shira hii ni machipukizi laini ya kijani cheupe na sukari, uzito sawa kwa sawa, yanapangwa safu kwa safu kwenye chupa ya kioo na kuwekwa juani wiki tatu au nne. Sukari ikipungua, kwa joto la Tanga inachacha, unaiona inatoa mapovu. Chipukizi likichomoza juu ya maji yake linaota ukungu, na ukungu ukiingia mwaga yote. Kisha inachujwa na kupashwa moto mdogo mpaka iwe nzito. Sufuria ikinata utomvu, usihangaike na sabuni: paka mafuta ya kula, futa kwa karatasi, ndipo uoshe. Chupa yangu imeganda sukari chini kidogo, si kasoro, iweke kwenye maji ya vuguvugu.

Kwa shira peke yake ningetoa nyota nne. Kwa duka zima nilishaandika tatu, nikijiambia kijana alikuwa amechoka, jua kali, wateja wengi.

Kisha nikageuza paketi upande wa nyuma. "Yafaa kwa mama wajawazito." Hapo damu imenichemka upya. Ng'ombe wenye mimba wanaokula sindano za msonobari wa ponderosa magharibi mwa Marekani hutupa mimba, na kemikali inayosababisha, asidi ya isokupresi, imo pia kwenye misaipresi, ambayo Shume imepandwa kwa wingi karibu na misonobari. Mchumaji asiyetofautisha mvinje na msonobari atatofautisha saipresi? Mjamzito asinywe chai hii, ya kweli wala ya bandia, na lebo inamkaribisha!

Tatu nimezifuta. Moja, na ni ya chupa ya shira. Paketi ninayo bado, pamoja na risiti, na kijana yule atatuona tena kaunta, safari hii nikiwa na bwana misitu mwenyewe.