Shira ya meipo ya Vermont: nimeitia kwenye kaimati, nimeitia kwenye uji, haya ndo maoni yangu

Hii chupa nimekaa nayo karibu mwezi mzima kabla ya kuandika manake sikutaka utamu wa siku ya kwanza ndo uandike badala yangu. Ni shira inayochemshwa kutoka maji ya mti wa meipo (maple), imetoka jimbo la Vermont huko Marekani, mililita 250, nimeinunua shilingi 1,850 kwa duka dogo upande wa Westlands hapa Nairobi linalouza vyakula vya nje. Ndio, ni ghali. Hiyo pesa ungenunua sukari ikakutosha miezi. Lakini ngoja nieleze.

Kwanza kabisa nilianzia supamaketi, nikachukua chupa ya mia nne na kitu ina picha ya jani jekundu na chapati za maji, nimefika nyumbani South C nageuza nyuma nasoma, kumbe ni sharubati ya mahindi, rangi, na ladha ya kiwandani, maji ya mti hata tone hamna. Iliniuma sana. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa tembo lenyewe halimo kabisa. Kwa hivyo tafadhali geuza chupa kabla hujalipa, ya kweli nyuma imeandikwa kitu kimoja tu, shira ya meipo, basi, hakuna kingine.

Aliyenitia hamu ni shemeji yangu anayeishi Burlington, ndo mji mkubwa wa huko, akawa ananitumia picha za msituni kila ikifika Machi. Anasema kuanzia mwisho wa Februari mpaka Aprili hivi usiku baridi inagandisha na mchana jua linatoka, sasa ile kuganda na kuyeyuka ndo inafanya maji yatembee ndani ya mti, watu wanatoboa tundu dogo kwenye shina, wanatia mrija, maji yanadondoka meupe kabisa kama ya bomba, sukari yake ni kama asilimia 2 tu. Ndo maana inabidi yachemshwe mno, lita 40 za maji ya mti zinatoa lita 1 ya shira. Nikapiga hesabu, kichupa changu kimekula lita 10, yaani nusu ya ule mtungi wa lita 20 tunaobeba siku za mgao. Na mti wenyewe unangojewa kama miaka 40 ndo uwe mnene wa kutobolewa. Hapo bei nikaanza kuielewa.

Kuchemsha kunafanyika kwenye mabanda hukohuko msituni, juu ya paa kuna uwazi wa kutolea mvuke, na ukiona mvuke unapanda juu ya miti basi ujue wako kazini. Zamani walikusanya kwa ndoo na farasi akivuta kigari kwenye theluji, siku hizi wengi wamefunga mipira ya kupitishia maji kutoka mti hadi mti. Kazi yenyewe wazungu hawakuianza wao, Waabenaki ambao ndo wenyeji wa ile ardhi walikuwa wanajua utamu wa huu mti kabla wageni hawajafika, na hilo ningependa liandikwe kwenye lebo maana kwenye yangu halipo.

Kuna jambo jingine lilinigusa mimi mtu wa pwani. Vermont ilianza kama nchi yake yenyewe mwaka 1777, na katiba yake ya mwaka huohuo ilikataza mtu mzima kuwekwa utumwani, ikaingia Marekani 1791 ikiwa jimbo la 14. Miaka hiyohiyo ya 1790 baadhi ya waliopinga utumwa waliwaambia watu waache sukari ya miwa iliyolimwa na watumwa visiwa vya Karibiani, watumie sukari ya meipo. Sisi tuliolelewa tukionyeshwa soko la watumwa pale Mkunazini Unguja hatuwezi kusoma hilo tukapita tu.

Halafu msitu. Ukiona picha za leo utadhani haujawahi kuguswa, karibu robo tatu ya jimbo ni miti. Si kweli. Mwaka 1811 mtu anaitwa William Jarvis alileta kondoo wa merino kutoka ng'ambo, biashara ya sufu ikawaka, watu wakafyeka milima mpaka ikawa kipara, kufika 1840 kulikuwa na kondoo zaidi ya milioni 1.6, ni kama kondoo sita kwa kila mtu. Mito ikajaa tope. George Perkins Marsh, mtoto wa Woodstock hukohuko, aliyaona haya tangu utotoni na mwaka 1864 akatoa kitabu cha kuonya kwamba mtu anayemaliza miti anamaliza ardhi yake. Baadaye bei ya sufu ikaanguka, wengi wakahamia magharibi, mashamba yakaachwa na miti ikarudi. Shemeji alinitumia picha ya ukuta wa mawe katikati ya msitu mzito, kila jiwe lina kuvu la kijani, ulikuwa mpaka wa malisho ya kondoo, sasa unapita kati ya miti na hakuna zizi. Niliiangalia sana ile picha, nikakumbuka msitu wetu wa Karura na Wangari Maathai alivyopigwa pale mwaka 1999 kwa kupanda miche tu, na leo tunapeleka watoto kutembea palepale.

Sasa ladha. Yangu ni ile nyeusi, wanazipanga madaraja manne kwa rangi, za mwanzo wa msimu huwa za dhahabu na za mwishoni zinakuwa nzito. Utamu wake una moshi kidogo na kitu kama sukari guru, haikwaruzi koo. Kwenye kaimati niliipasha moto kidogo kwenye sufuria nikazimimina zingali moto, watoto wakalamba bakuli, ila haishiki juu na kung'aa kama shira yetu ya sukari na iliki, inazama ndani. Kwenye chai usiitie, inapotea na ni hasara. Kwenye uji wa wimbi, kijiko kimoja, hapo ndo mahali pake kabisa, sijapata kitu kinachoendana hivyo. Ukishafungua iweke friji maana haina dawa ya kuhifadhi, inaota ukungu.

Kijana wa duka alinihudumia vizuri, alijua tofauti ya madaraja bila kubabaisha, ila chupa zilikuwa zimepangwa dirishani juani na nilimwambia azitoe pale.

Nitanunua tena, hiyohiyo ndogo. Saa hii imebaki ya vidole viwili, nimemwekea mamangu anakuja Jumamosi na treni ya Mombasa, nataka aionje kwenye uji kabla sijamwambia ni maji ya mti.