Kensington Palace kwa anayefuatilia ndoa ya Diana na Charles: tiketi inaishia wapi

Anayekwenda Kensington Palace, London, kwa ajili ya Diana na Charles ajue jambo moja kabla hajatoa pesa: makazi yao hayafunguliwi kwa wageni. Walikaa vyumba namba 8 na 9, vilivyounganishwa vikawa nyumba moja, tangu mwaka waliooana, 1981. Ndoa ilipovunjika Charles akahama, Diana akabaki hapo mpaka kifo chake mwaka 1997. Tiketi inakuingiza vyumba vya wafalme wa karne ya 17 na 18, pamoja na maonesho ya utoto wa Malkia Victoria, aliyezaliwa humo 1819. Visa vya ndoa yenyewe viko nje, bustanini, na bustani haina kiingilio.

Hiyo haina maana kwamba kasri halifai. Tatizo ni matarajio. Wengi huja wakidhani watakuta magauni. Maonesho makubwa ya mavazi ya Diana yalikuwepo 2017 hadi 2019, na gauni la harusi, lenye mkia wa zaidi ya mita 7, liliwekwa wazi 2021 na kuondolewa mwanzoni mwa 2022. Maonesho ya aina hiyo huja na kupita, kwa hiyo soma tovuti ya kasri uone mwezi huo kuna nini, usitegemee picha za mtandaoni ambazo nyingi ni za miaka ile. Pete ya uchumba nayo usiitafute. Ile yakuti ya samawati iliyozungukwa na almasi 14 anaivaa Kate, na William alimvisha huko Rutundu, Mlima Kenya, mwaka 2010.

Kuhusu tiketi: mtu mzima hulipa pauni 20 na ushei, watoto nusu. Nunua mtandaoni na uchague saa ya kuingia, maana ukifika mlangoni siku ya watu wengi utasubiri. Mara nyingi Jumatatu na Jumanne hufungwa. Jambo ambalo wakazi wa Uingereza wengi hawalijui ni kwamba anayepokea msaada wa serikali kama Universal Credit anaweza kupata tiketi ya pauni 1. Na kama unapanga pia kwenda Tower of London na Hampton Court ndani ya mwaka, piga hesabu ya uanachama wa Historic Royal Palaces, kwa kuwa makasri yote matatu yako chini ya shirika hilo.

Ukishaingia, usikimbilie kutoka. Panda ngazi za mfalme polepole. Kuta zake zilichorwa na William Kent kwa amri ya George I: watu wa baraza wameegemea ukuta kana kwamba wanakuchungulia unavyopanda, na miongoni mwao wamo Mohammed na Mustapha, Waturuki waliokuwa watumishi wa karibu wa mfalme. Angalia pia kile ambacho hakimo. Malkia hayupo. George I alifika Uingereza 1714 bila mke, kwa sababu mke wake, Sophia Dorothea, alikuwa amefungiwa katika nyumba ya Ahlden, Ujerumani. Alituhumiwa kuwa na bwana, Count Königsmarck, ambaye Julai 1694 alitoweka asionekane tena. Mwaka huohuo ndoa ikavunjwa, mama akazuiwa kuwaona watoto wake, akakaa kifungoni zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki 1726. Mfalme mwenyewe alikuwa na wake wa pembeni wanaojulikana na kila mtu. Ukitafuta kashfa ya ndoa ndani ya jengo ulilolilipia, basi ndiyo hii, na kwa ukatili inaizidi ya Diana mara kadhaa. Maelezo ukutani yanalipita haraka mno. Waulize wahudumu waliosimama vyumbani. Wengi wao wanaijua historia hii vizuri na hufurahi kuulizwa.

Chumba kirefu cha picha kina kipima upepo cha mwaka 1694 juu ya meko, kilichounganishwa na kishale cha paani. Kinapendeza. Vyumba vya Malkia Mary II vinaweza kupitwa kwa dakika 15. Kasri zima ni saa moja na nusu, mbili kwa msomaji wa kila kibao.

Sasa nje. Ukitoka mlango wa wageni, upande wa mashariki, geuka kushoto hadi Sunken Garden. Diana aliipenda bustani hii, na tarehe 1 Julai 2021, siku ambayo angetimiza miaka 60, wanawe wawili walizindua humo sanamu yake ya shaba, kazi ya Ian Rank-Broadley. Kosa la wageni ni kudhani wataisogelea. Katika siku za kawaida unaitazama kutoka njia ya kivuli inayozunguka bustani, kupitia nafasi zilizoachwa kwenye matawi, na sanamu iko upande wa pili wa bwawa. Simu isiyo na lenzi ya kuvuta itakupa kidoti. Njia hiyo nayo hufuata saa za kasri, kwa hiyo ukija saa za jioni utakuta lango limefungwa. Kuhusu sanamu yenyewe, maoni yetu ni kwamba mavazi yake, shati la kola na mkanda mpana, yamepatia kuliko uso. Watoto wanaomzunguka wamekaa kama waliopangwa kwa ajili ya picha.

Rudi sasa kusini, mbele ya kasri, kwenye lango lenye nakshi za dhahabu. Hapa ndipo maua yalipotandazwa Septemba 1997 mpaka lango likawa halifikiki. Ukisimama hapo ukaangalia kasri, kumbuka kwamba nyuma ya kuta hizo, Jumapili ya tarehe 5 Novemba 1995, kamera za BBC ziliingizwa bila ofisi ya Malkia Elizabeth, mama yake Charles, kujua. Mahojiano yakarushwa tarehe 20, yakatazamwa na watu karibu milioni 23 Uingereza pekee, na humo Diana akasema kwamba ndani ya ndoa walikuwa watatu, yaani yeye, Charles na Camilla. Mwezi mmoja baadaye ikatangazwa kwamba malkia amewaandikia wote wawili akiwashauri waachane. Talaka ikakamilika tarehe 28 Agosti 1996. Ilichukua hadi 2021 kwa uchunguzi wa jaji mstaafu Lord Dyson kueleza rasmi kwamba Martin Bashir, mwandishi wa BBC aliyemhoji, alitumia taarifa za benki za kughushi kumpata kaka yake Diana, na kupitia kwa kaka akampata dada. Pale langoni hakuna kibao kinachosema lolote kati ya haya.

Kituo kinachofuata ndicho bora kuliko vyote, na wageni wengi hukipita wakidhani ni kibanda cha chai: jumba la sanaa la Serpentine South, mwendo wa kama dakika 15 kuelekea mashariki. Jioni ya tarehe 29 Juni 1994 Charles alikuwa kwenye televisheni akikiri kwamba alitoka nje ya ndoa, baada, kwa maneno yake, ya ndoa kuvunjika kiasi cha kutotengenezeka. Jioni ileile Diana akashuka kwenye gari mbele ya mlango huu akiwa na gauni fupi jeusi, mabega wazi, kazi ya Christina Stambolian. Hakutamka neno kuhusu mumewe. Alimjibu kwa nguo, kama anavyojibu mwanamke wa pwani aliyejua kanga ya kuvaa siku hiyo. Asubuhi magazeti yakaweka picha yake mbele. Kuingia jumba hili ni bure, Jumatatu hufungwa.

Vuka barabara ya West Carriage Drive, dakika chache ufike chemchemi ya kumbukumbu ya Diana. Si chemchemi ya kurusha maji juu, ni mfereji wa mviringo, takribani mita 50 kwa 80, uliojengwa kwa vipande 545 vya matale ya Cornwall. Maji huingizwa sehemu ya juu, yakagawanyika: upande mmoja yanateremka kwa utulivu, mwingine yanapigwapigwa na ngazi na mikunjo iliyochongwa, kisha yanakutana kwenye bwawa tulivu chini. Mbunifu, Kathryn Gustafson, alikusudia yafanane na maisha ya Diana. Iligharimu pauni milioni 3.6, ikafunguliwa Julai 2004, na mwezi huohuo ikafungwa: majani yaliziba mfumo wa maji, kisha watu wakateleza na kuumia. Jiwe lenye maji yanayotiririka mfululizo huota utelezi, na wageni walikuwa wakitembea ndani. Nyasi za kandoni nazo zikageuka tope mpaka njia ikajengwa upya. Ndiyo maana leo kuna uzio, walinzi, na kanuni moja: kaa ukingoni uingize miguu, usitembee majini. Mshike mtoto mkono. Mbwa haruhusiwi. Majira ya baridi hufungwa mapema, saa 10 jioni.

Kuna pia njia ya kumbukumbu ya maili 7 inayopita bustani nne, yenye vibao 90 vyenye nembo ya ua la waridi vilivyolazwa ardhini. Haihitajiki yote. Kipande cha kutoka kasri hadi chemchemi kinatosha.

Kwa usafiri, shukia kituo cha treni cha Queensway uanze upande wa kaskazini, kisha umalizie kituo cha Knightsbridge, ili usirudie njia. Mwenye watoto apitie uwanja wa michezo wa Diana karibu na Black Lion Gate, wa hadi miaka 12. Mtu mzima asiye na mtoto harudishwi kwa ubaya, ila haruhusiwi kuingia saa za kawaida. Beba chakula chako, maana chai ya mchana ya Orangery, mkahawa wa kasri, ina bei ya kifalme. Na kama unataka picha za utulivu, epuka tarehe 1 Julai, aliyozaliwa, na 31 Agosti, aliyofariki: siku hizo wapenzi wa Diana hufika langoni tangu asubuhi na mabango, maua na keki.