Redio kaseti ndogo yenye USB: inafaa kwa kanda za zilipendwa?

Redio kaseti hizi za kushika mkononi zenye tundu la USB la kupeleka sauti ya kanda kwenye kompyuta huuzwa kwa majina mengi, lakini ukizifungua utakuta kitu kilekile: mota moja, beliti nyembamba, hedi ndogo (kile kichwa kinachosoma kanda) na gurudumu jepesi mno. Kwa kanda zilizorekodiwa kutoka redioni, inatosha. Kwa kanda safi ya kiwandani, tafuta deki ya mezani hata kama ni mtumba.

Tatizo ni hilo gurudumu. Kazi yake ni kushikilia mwendo wa kanda, sentimita 4.76 kwa sekunde, usipande wala kushuka. Likiwa jepesi sauti huyumba, na saksafoni ikivuta noti ndefu utaisikia inatetemeka. Tumba na gitaa la ridhimu haziufichui sana mtetemo huo.

Mashine hutumia betri 2 za AA au umeme wa USB. Betri zikichoka, wimbo huanza vizuri ukaishia umeshuka, kwa hiyo tumia USB. Ukisikia mvumo, chomoa chaja ya laptopu kwanza kabla hujailaumu mashine.

Kabla ya kurekodi kwenye kompyuta, peleka kanda mbele hadi mwisho kisha uirudishe yote, ili iliyokaa miaka kabatini ijikunje upya bila kukwama. Vunja vile vijino viwili vya mgongoni ili mtu asije akarekodi juu yake kwenye redio nyingine. Safisha hedi na kile kimpira kinachoikandamiza kanda kwa pamba na spiriti ya asilimia 90 kwenda juu. (Konyagi haifai, ina maji mengi.) Kanda ya dakika 120 iogope: ni nyembamba, huvutika na kumezwa kwa urahisi.

Sasa jambo ambalo wengi hulipuuza. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo yenye springi, nayo ndiyo inayoiweka hedi wima mbele ya kanda. Ikiegemea kidogo tu, matoazi na manyanga hupotea, na watu husema kanda imekufa. Sikiliza kwa mono (kushoto na kulia vikichanganywa kuwa sauti moja), zungusha skrubu polepole kwa bisibisi ndogo, chini ya robo ya mzunguko, na usimame pale sauti inapong'aa zaidi. Rudia kwa kila kanda, maana kila redio iliyorekodi ilikuwa na mwegemeo wake.

Kwenye kompyuta tumia Audacity, programu ya kurekodi sauti, ni ya bure. Windows huichukulia mashine hii kama maikrofoni, hivyo zima maboresho yote ya sauti, la sivyo nyimbo zitakatwakatwa kama kelele. Rekodi kwa 44,100 Hz, biti 16, vilele (pale sauti inapokuwa kubwa zaidi) visizidi desibeli -6. Saa moja ya WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya stereo hula takriban MB 635. Kanda nyingi za redioni ni mono, kwa hiyo geuza iwe mono na utapata nusu ya ukubwa huo. Hifadhi kwa FLAC, inayobana faili bila kupunguza ubora wa sauti. Ukimtumia mwenzako kwa WhatsApp, tuma kama hati, si kama sauti.

Mtangazaji akizungumza kati ya nyimbo, msimkate! Maneno yake mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa nani anaimba. Jina la bendi nalo husaidia: lebo ikisema NUTA Jazz, rekodi ni ya zamani kuliko iliyoandikwa JUWATA, na JUWATA imetangulia OTTU; bendi ni ileile, jina ndilo lililobadilika. Ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz imetangulia ile ya Super Volcano, bendi yake ya baadaye. Andika hayo kwenye jina la faili, pamoja na mpiga solo kama anajulikana, maana faili iitwayo "Track 01" ikishazunguka makundi matatu hakuna atakayejua ni nini.

Kwa bei yake naipa tatu kati ya tano. Nyota moja imeondoka kwa gurudumu, nyingine kwa kukosa Dolby, mfumo wa kupunguza mchakacho wa kanda: kanda iliyorekodiwa kwa Dolby itasikika kali masikioni, na hakuna kitufe cha kuituliza.