Mwaka mzima na diari ya karatasi: uzoefu wangu kama mwalimu mkuu, Rungwe

Huu ni mwaka wangu wa sita kuongoza shule ya msingi huku Rungwe. Mitano ya kwanza kumbukumbu zangu zilikaa kwenye simu, kwenye vipande vya karatasi na kichwani. Januari nikanunua diari Mwanjelwa, Mbeya mjini, kwa shilingi 12,000: jalada gumu, saizi ya A5, kila siku ya kazi na ukurasa wake. Leo imebakiza kurasa chache.

Kilichonipeleka dukani ni kitasa. Mwalimu wa darasa la tatu aliniomba kitasa cha kabati la vitabu, nikamjibu, "Nimekusikia, Mwalimu." Akakumbusha tena na tena. Safari ya mwisho alinishika mkono akanipeleka kuona kabati limefunguliwa usiku na vitabu vya kiada vimepungua. Hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, maana ahadi niliitoa mbele yao.

Sasa mtu akija na shida naifungua diari palepale, naandika huku anaona. Zamani nikitoa simu ili niandike, walidhani najibu ujumbe wa mtu mwingine. Nusu ya juu ya ukurasa ni ratiba. Nusu ya chini ni nilichoahidi na niliyemwahidi. Kabla ya kutoka jioni, ambalo halijafanyika nalihamishia kesho kwa mkono wangu mwenyewe. Ukiandika "kitasa" siku nne mfululizo, ya tano unakwenda kwa fundi. Mambo ya afya ya mwalimu siyaandiki kabisa. Naandika "ruhusa" tu, kwa sababu diari huachwa mezani na wageni ni wengi.

Kwa kuwa inaanza Januari, inakwenda vizuri na mihula yetu. Nilitia alama mtihani wa darasa la saba, Septemba, na upimaji wa darasa la nne, Oktoba, kisha nikahesabu wiki kurudi nyuma nikapanga majaribio. Tatizo ni fedha. Mwaka wa serikali unaanza Julai mosi na kufungwa Juni 30, hivyo hesabu zangu zinakatwa katikati na nusu yake itaingia kwenye diari ya mwakani. Nimebandika karatasi ya miezi 12 ndani ya jalada, inanisaidia.

Kasoro nyingine ni Jumamosi na Jumapili kubanwa kwenye ukurasa mmoja. Vikao vyetu na wazazi ni Jumamosi, na maneno ya wazazi hayaenei kwenye mistari kumi. Tena karatasi ni nyepesi. Mvua ya huku mnaijua. Aprili unyevu uliingia hadi kwenye droo, wino wa jeli ukasambaa, ukurasa mzima wa kikao cha kamati ukawa doa la bluu. Nilirudi kwenye peni ya kawaida na sasa naivisha diari mfuko wa nailoni. Utepe wa kuwekea alama ulichomoka Mei.

Kwa kazi yangu naipa nne kati ya tano. Ya mwakani nitaifunua kurasa dukani kabla ya kulipa, na kama Jumamosi haina ukurasa wake naiacha.