Programu za Ekonometriki na Uchanganuzi wa Manukuu: Zipi za Kulipia na Zipi za Kuacha

Mwanafunzi wa uzamili wa uchumi jijini Nairobi, afisa wa utafiti katika shirika dogo, na mkutubi wa chuo aliyeombwa kueleza machapisho ya wahadhiri wake yananukuliwa kwa kiasi gani, wote hufika mahali pamoja: lazima wachague programu ya kufanyia hesabu, na baadhi ya programu hizo huuzwa kwa dola. Mwongozo huu unazipanga kwa kigezo kimoja ambacho nakiona kizito kuliko bei na kuliko urahisi wa menyu, nacho ni kama mtu mwingine ataweza kuchukua faili zako baada ya miaka mitano, arudie kazi hatua kwa hatua, na apate majibu yale yale. Kwa kigezo hicho R inashika nafasi ya kwanza, Stata ya pili, gretl ya tatu, EViews ya nne, na SPSS ya mwisho. Kwa upande wa manukuu mpangilio hubadilika, kwa sababu huko ubora wa data una uzito kuliko programu yenyewe.

Kabla ya kutoa hata shilingi, iangalie data yako. Tafiti kubwa za kaya zinazofanywa na KNBS (shirika la taifa la takwimu la Kenya), kama ule wa bajeti za kaya wa 2015/16 au ule wa afya na idadi ya watu wa 2022, hukusanywa kwa sampuli ya ngazi kadhaa: kila kaya ina uzani wake, na kaya zenyewe zimechaguliwa kwa vishada ndani ya matabaka. Programu isiyoshughulikia uzani, vishada na matabaka kwa pamoja aghalabu hukupa makosa sanifu (kipimo cha mashaka ya makadirio) madogo kuliko yanavyopaswa kuwa, nawe utatangaza tofauti kati ya kaunti mbili ambayo haipo. Stata hulimaliza jambo hili kwa amri ya svyset inayoandikwa mara moja mwanzoni mwa kazi. R hulimaliza kwa kifurushi (nyongeza ya programu) cha survey kilichoandikwa na Thomas Lumley. SPSS hudai moduli ya ziada juu ya programu ya msingi. Kwa mtu anayefanya kazi na data ya kaya za Kenya, tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua.

R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka Februari 2000. Hailipiwi, na hilo lina maana kubwa kwa kigezo nilichotaja, kwa sababu mtahini wako wa Eldoret au Dodoma hatahitaji leseni ili akague kazi yako. Nguvu yake inaonekana vizuri katika data ya paneli, yaani inayofuatilia vitu vile vile kwa miaka kadhaa. KNBS ilianza kuchapisha pato la kila kaunti mwaka 2019, ikianzia takwimu za 2013, na sasa mtafiti anaweza kuuliza kama matumizi ya maendeleo katika kaunti 47 yanaambatana na ongezeko la pato. Modeli inayofaa huondoa tofauti za kudumu za kila kaunti pamoja na misukosuko ya kila mwaka inayoikumba nchi nzima, na kwa kifurushi cha fixest kiini cha kazi hiyo ni mstari mmoja tu: pato ~ maendeleo | kaunti + mwaka. Kilicho kushoto kwa mstari wima ni uhusiano unaoutafuta. Kilicho kulia ni vitu ambavyo athari zake zimeondolewa. Ukiongeza agizo kwamba makosa sanifu yapangwe kwa vishada vya kaunti, msomaji anaona papo hapo ulichofanya na ulichoacha kufanya.

Gharama ya R ni muda. Anayeanza bila kuwahi kuandika msimbo ajitengee muhula mzima, atumie RStudio (programu ya kuandikia msimbo wa R) badala ya R tupu, na apakue vifurushi vyote anavyovihitaji kwa mtandao wa chuo, kwa maana vifurushi huvutana na vingine kadhaa na bando la simu huisha haraka. R ina udhaifu mmoja mkubwa zaidi: vifurushi hubadilika, na msimbo uliofanya kazi mwaka juzi unaweza kukataa leo. Tiba yake ni kifurushi cha renv, ambacho huandika toleo la kila kifurushi ulichotumia ili mwingine arudishe hali ile ile. Nashauri kianze kutumika siku ya kwanza, wala si siku ya kukabidhi tasnifu.

Stata, iliyotolewa mara ya kwanza 1985 na inayotengenezwa na StataCorp ya College Station, Texas, inaishinda R katika jambo hilo hilo. Ukiandika version na nambari ya toleo juu ya faili lako la amri, Stata mpya italitekeleza kwa kanuni za toleo la zamani, hata kama miaka mingi imepita. Nyaraka zake za maelezo ni bora kuliko za programu nyingine yoyote ninayoijua, na wahadhiri wengi wa uchumi hapa Nairobi huifahamu vizuri, kwa hiyo msaada haukosekani. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu, kwamba anayetaka kurudia kazi yako lazima naye alipe. Mwajiri akilipa, au timu yako yote ikiwa tayari inaitumia, iweke ya kwanza bila kusita.

Katika kununua Stata, kosa la kawaida ni kuchagua daraja kwa bei. Daraja la chini, BE, hupokea vigeu (safu za data) visivyozidi 2,048, ilhali SE hupokea hadi 32,767. Mtu atajiambia kwamba modeli yake ina vigeu 12 tu, na ni kweli, lakini faili la wanawake katika tafiti za DHS, yaani zile za afya na idadi ya watu, huwa na vigeu elfu kadhaa, na BE haiwezi kulifungua lote. Itakubidi utaje majina ya vigeu unavyovitaka kabla ya kulipakia. Mwenye subira anaweza kuishi hivyo na kuokoa pesa. Anayeunganisha faili za tafiti kadhaa anunue SE. MP huharakisha kazi kwa kutumia viini vingi vya kompyuta, na sioni sababu ya mwanafunzi kuilipia.

Bei hutegemea kama wewe ni mwanafunzi, mwalimu au taasisi, na kama unachukua leseni ya muda au ya kudumu. Uliza bei ya wanafunzi kwanza, kisha ipange leseni ianze pale data inapokuwa tayari, si siku ya kuanza kuandika pendekezo la utafiti, kwa sababu miezi ya mwanzo hupita kwenye kusoma na kusubiri vibali. Malipo yanawezekana hata kwa asiye na kadi ya benki, kupitia kadi ya Visa ya GlobalPay iliyo ndani ya M-Pesa tangu 2022. Leseni ikimalizika kabla wasimamizi hawajamaliza kukurudishia masahihisho, faili zako za dta, yaani za data ya Stata, zitafunguka katika R na gretl, basi kazi haitapotea.

Kuhusu nakala haramu zinazopitishwa kwa flashi, sina neno la kuzitetea. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inazikataza, lakini hata asiyejali sheria ajali hili: nakala iliyochezewa haina njia ya kuthibitisha kwamba namba inazotoa ni zile ambazo programu halisi ingetoa, na mara nyingi huja na virusi vinavyofunga faili. Kuiweka kwenye kompyuta yenye majibu ya kaya zilizokuamini ni kuwakosea watu hao.

Kwa wanaofanya uchumi mpana, yaani mfumuko wa bei, riba, thamani ya shilingi na ukuaji, swali huwa kati ya gretl na EViews. Gretl ni kazi ya Allin Cottrell wa Chuo Kikuu cha Wake Forest na Riccardo Lucchetti wa Ancona, Italia. Ni ya bure, ni nyepesi hata kwa laptopu ya zamani, na husoma faili za Stata na za EViews. EViews ilizaliwa 1994, inalipiwa, na ina menyu zilizopangwa kwa ustadi mkubwa. Tangu toleo la 9, jaribio la mipaka la modeli ya ARDL (modeli ya mfululizo wa wakati inayotumia thamani za vipindi vilivyopita), ambalo huuliza kama vigeu vina uhusiano wa muda mrefu na liliasisiwa na Pesaran, Shin na Smith mwaka 2001, hufanyika kwa kubofya mara chache.

Urahisi huo ndio unaonipa wasiwasi. Tasnifu nyingi za hapa kwetu hutumia ARDL kwa data ya mwaka kuanzia miaka ya 1970 au 1980, yaani vipimo 40 au 50, kisha hulinganisha matokeo na jedwali la mwaka 2001 ambalo lilihesabiwa kwa vipimo 1,000. Kwa sampuli ndogo, thamani za mipaka ziko juu zaidi. Mtafiti Narayan alizichapisha mwaka 2005 kwa vipimo 30 hadi 80, na matokeo yanayopita kwenye jedwali la kwanza yanaweza kuanguka kwenye la pili. Amri ya ardl ya Stata, iliyoandikwa na Kripfganz na Schneider, huzingatia ukubwa wa sampuli yenyewe. Kwa gretl utalisoma jedwali la Narayan mwenyewe, jambo ambalo kwa mwanafunzi ni faida. Tena, hakuna programu itakayokuambia kwamba mfululizo wako wa pato la taifa umeunganishwa vibaya: KNBS ilihamisha mwaka wa msingi (ambao bei zake hutumika kupimia) kutoka 2001 hadi 2009, na mwaka 2021 ikauhamisha tena hadi 2016, na asiyeunganisha vipande hivyo kwa uangalifu ataona mruko ambao haukutokea kwenye uchumi. Kwa sababu hizi naipendekeza gretl kwa mwanafunzi, na EViews kwa ofisi ambayo tayari ina wafanyakazi walioizoea.

Python, lugha ya kuandikia msimbo, inafaa kwa anayeijua tayari. Asiyeijua asijifunze kwa ajili ya tasnifu moja. SPSS imekuwa ikikodishwa kwa karibu dola 100 kwa mwezi kwa mtumiaji wa kawaida, na bado modeli za paneli na za mfululizo wa wakati ndani yake ni chache. Aliyezoea menyu zake atazame jamovi au JASP, ambazo ni za bure.

Tukija kwenye manukuu, pesa kubwa iko kwenye data. Hifadhidata za Web of Science ya Clarivate na Scopus ya Elsevier hulipiwa na taasisi, na maktaba inaweza kuwa na majarida mengi kupitia muungano wa maktaba za Kenya, KLISC, bila kuwa na hifadhidata hizo mbili, kwa hiyo muulize mkutubi kwanza. Chaguo langu la kwanza ni OpenAlex, hifadhidata iliyofunguliwa 2022 na ambayo data yake hutolewa bila kizuizi cha hakimiliki. Huhesabu majarida mengi zaidi ya Afrika kuliko zile mbili, ambazo uteuzi wao mkali huacha nje mengi ya majarida yetu, na mhadhiri anayeandika kuhusu kilimo cha Meru katika jarida la hapa nchini huonekana kana kwamba hakufanya kazi. Upungufu wake ni kumbukumbu chafu zaidi, zinazohitaji kusafishwa.

Data hiyo ipakie kwenye bibliometrix, kifurushi cha R cha Massimo Aria na Corrado Cuccurullo cha mwaka 2017, kisha uchore ramani kwa VOSviewer, programu ya bure ya Chuo Kikuu cha Leiden. Kwa mtu mmoja anayetaka tu orodha ya manukuu yake, programu ya Publish or Perish inatosha, ila ikitafuta Google Scholar haivuki matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja.

Usafishaji ndio kazi yenyewe. Mkenya mwenye majina matatu huandikwa leo kwa jina la mwisho, kesho kwa jina la katikati, na ramani inamgawa kuwa watu wawili wenye manukuu nusu nusu. VOSviewer hupokea faili la matini lenye safu mbili: kushoto jina kama lilivyo, kulia jina la kuwekwa badala yake. Liandae kwa mkono, ukilinganisha na orodha ya wafanyakazi wa idara, na ulihifadhi pamoja na kazi.

Ukitaka kueleza kwa nini makala moja hunukuliwa kuliko nyingine, usikimbilie regresheni ya kawaida juu ya logi ya manukuu yaliyoongezewa moja, kwa sababu makala nyingi zina sifuri na moja hiyo hubadilisha majibu. Tumia modeli ya Poisson yenye makosa sanifu imara, au binomia hasi, ambazo zote ni modeli za data ya kuhesabu. Fixest, Stata na gretl zote zina Poisson. Weka athari za mwaka wa kuchapishwa na za fani, kwani makala ya 2012 imepata muda ambao ya 2022 haijapata. Na kwa kuwa hesabu za manukuu hubadilika kila wiki, andika tarehe ya kupakua ndani ya jina la faili ghafi, na usilifungue tena ila kwa kunakili.