DJI Avata 2 ndani ya nyumba chakavu za Mji wa Kale

Upana wa vyumba katika nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Mombasa uliamuliwa na boriti ya mkoko. Kwa kuwa boriti hiyo haiwezi kubeba dari pana bila kupinda, wajenzi walivifanya vyumba kuwa virefu na vyembamba, vya mita 2.5 hadi 3 hivi, na anayetaka kurusha droni humo leo hana budi kuenea katika kipimo hicho. DJI Avata 2, iliyoingia sokoni Aprili 2024, ina uzito wa gramu 377 na upana wa milimita 212, na mapanga yake manne yamezungushiwa kinga iliyoungana na kiwiliwili. Nimeitumia katika nyumba zilizohamwa za upande wa Kibokoni na Ndia Kuu, ambazo sakafu zake za juu hazimstahimili tena mtu. Kwa kazi ya kutazama inanitosha. Kwa kazi ya kupima hainitoshi.

Nianze na kutazama. Kamera yake ina kihisi cha inchi 1/1.3 na lenzi yenye pembe ya digrii 155, kwa hiyo hata droni ikiwa imebanwa kati ya kuta mbili, chumba karibu chote huonekana. Katika nyumba moja ya ghorofa mbili, mafundi walikuwa wakiamini kwamba dari ya chumba cha nyuma ilikuwa nzima, kwa maana kutoka chini boriti zote zilionekana zimenyooka. Picha zilizopigwa kwa karibu zilionyesha kwamba boriti tatu zilikuwa zimeoza kichwani, pale zinapoingia ukutani, ambapo maji ya mvua yalikuwa yakipenya kupitia chokaa iliyopasuka. Katikati zilikuwa ngumu, lakini ncha zake zilikuwa unga. Mwenye nyumba, bibi wa makamo aliyekuwa akifuatilia kwenye skrini ya simu pale barazani, alisema tu, “Kumbe, mwanangu, na juzi tulipanda huko na maji ya kuoshea!” Kazi ya namna hiyo zamani ilihitaji jukwaa la miti na fundi asiyeogopa kifo.

Mipaka yake inaanzia kwenye vihisi. Avata 2 huona chini na nyuma tu. Mbele, juu na ubavuni haioni kitu, hivyo usalama wake huko uko mikononi mwa rubani. Kuta nene za matumbawe huzima mawimbi ya GPS, na kuanzia hapo droni hujishikilia hewani kwa kutazama sakafu kwa kamera ya chini. Kamera hiyo nayo inahitaji mwanga na sakafu yenye alama za kushika. Juu ya chokaa nyeupe iliyo sawasawa, au katika kiza cha chumba kisicho na dirisha, droni huanza kuteleza taratibu kuelekea ukutani, na ikipita juu ya tundu la sakafu iliyobomoka, kipimo chake cha kimo hubadilika ghafla. Kwa sababu hiyo mimi hutanguliza taa zenye betri, nikiziingiza kwa mti mrefu wa mwanzi kupitia mlangoni, kabla ya kuirusha. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: droni ikikaribia sana dari, hewa iliyo kati yake na dari huivuta juu, na asiyezoea huona inagota boriti ilhali hakuiamuru kupanda.

Upepo wa mapanga ndio unaonitia wasiwasi zaidi kwa upande wa nyumba yenyewe. Kinga humlinda mtu na droni, lakini haiulindi ukuta. Lipu iliyokwisha kuachana na jiwe hudondoka kwa upepo huo, na vumbi la chokaa na la kinyesi cha popo huinuka na kujaa mbele ya lenzi kama ukungu, hata picha zinazofuata zisifae. Penye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, au nakshi za lipu zinazoning’inia, mimi siirushi kabisa. Kamera iliyofungwa kwenye mwanzi inatosha.

Kidhibiti cha mkono mmoja kinapendeza uwanjani, lakini mlangoni ni heri kile cha vijiti viwili, ambacho hununuliwa peke yake. Hata hali ya kawaida inaruhusu mita 8 kwa sekunde, kasi ya wazimu chumbani, basi ipunguzwe kwenye mipangilio. Mtengenezaji anataja dakika 23 hewani. Mimi hupanga kila mruko kana kwamba ni dakika 15, kwa sababu droni ikianguka juu ya sakafu mbovu hakuna wa kuifuata. Uwezo wake wa kujipindua ikiwa chali husaidia palipo tambarare, si juu ya kifusi.

Kwa upande wa vipimo, lenzi pana hupinda mistari ya kingo, kwa hiyo modeli ya pande tatu inayoundwa kutokana na picha zake inamfaa mwenye kutaka kuona mahali pa ufa, wala si msanifu anayetaka mchoro sahihi wa kukarabatia. Huyo akodi huduma ya kupima kwa leza, au aitafute Elios 3 ya kampuni ya Flyability ya Uswisi, inayobeba leza ndani ya kizimba chake na ambayo bei yake iko mbali mno na hii.

Droni lazima isajiliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya kwa mujibu wa kanuni za 2020, na majengo yaliyo chini ya Makavazi ya Taifa, kama Fort Jesus, yanahitaji ruhusa ya huko pia. Ruhusa ya jirani haijaandikwa popote, ila Mji wa Kale nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, na droni ikichomoza kupitia paa lililoanguka huingia moja kwa moja katika ua wa watu, ambamo wanawake wamejiachia. Hivyo napiga hodi pande zote kwanza, kisha naweka ukomo wa kimo chini ya kilele cha ukuta.